Kutoka Auxerre hadi Cluny: siku nane za baiskeli katika vijiji vya Bourgogne

Mtu aliyekulia Tanga hashangai kumwona mwanamke juu ya baiskeli. Kwetu akina mama huenda sokoni, kazini na hata msibani kwa baiskeli, baibui likiwa limekusanywa vizuri lisinaswe na mnyororo, na mtoto akiwa ameketi kwenye karia. Kwa hiyo wifi yangu, ambaye ni muuguzi na ameishi Lyon kwa zaidi ya miaka kumi, aliponiambia kwamba mwezi Septemba angekuwa na likizo na baiskeli mbili zilizo tayari, sikujiuliza kama ningeiweza safari. Nilimuuliza tu vilima vilikuwa vingapi. Akanijibu, "Vilima vipo, wifi, lakini hakuna kilima cha huku kisicho na mteremko wake."

Njia niliichagua mimi, na niliichagua kwa sababu ya watawa wawili waliofariki zaidi ya miaka 850 iliyopita. Wa kwanza ni Bernard wa Clairvaux, ambaye mwaka 1146 alisimama kwenye kilima cha Vézelay akamhimiza mfalme na umati mkubwa waende kupigana Vita vya Pili vya Msalaba. Wa pili ni Pierre le Vénérable, abati, yaani mkuu wa watawa, wa Cluny, ambaye miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa amekamilishiwa tafsiri ya Kurani kwa Kilatini, ya kwanza kabisa, iliyofanywa kwa agizo lake na kwa gharama yake. Vézelay iko kaskazini mwa Bourgogne, eneo la Ufaransa, na Cluny iko kusini, na katikati yake kuna mifereji, vijiji vya mawe, mizabibu na barabara ndogo zisizo na magari mengi. Kwa mzunguko tuliouchora, tukianzia kituo cha treni cha Auxerre, safari ilikuwa ya takriban kilomita 450.

Siku ya kwanza, Jumamosi: Auxerre hadi Vézelay

Tulilala Auxerre, na saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tayari ukingoni mwa mto Yonne, mikoba minne ikiwa imefungwa kwenye karia mbili na ukungu ukiwa umelala juu ya maji. Nyuma yetu mnara wa abasia (makao ya watawa) ya Saint-Germain ulikuwa unaonekana nusu nusu. Chini ya abasia hiyo kuna chumba cha makaburi chenye picha za ukutani za karne ya 9, lakini milango ilikuwa bado imefungwa, na wifi si mtu wa kumngoja mwenye ufunguo.

Kilomita za kwanza zilinipa hofu ambayo sikuitarajia. Huku hushika upande wa kulia, na mikono yangu, iliyozoea kushika kushoto tangu utotoni, ilikuwa ikiupeleka usukani kusikotakiwa kila tulipofika kwenye mzunguko wa barabara. Wifi alitangulia na kunipigia kelele bila haya: "Kulia, wifi! Kulia kwa mkono wa kulia chakula!" Nilitulia nilipoona jinsi madereva walivyokuwa wakituacha mbali. Sheria ya Ufaransa inamtaka anayempita mwendesha baiskeli amwachie nafasi ya mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji, na siku ile wengi waliitii kuliko nilivyotegemea.

Baada ya hapo magari yalikwisha kabisa, kwa kuwa tulikuwa tumeingia kando ya Mfereji wa Nivernais. Mfereji huu una urefu wa kilomita 174, kutoka Auxerre hadi Decize kwenye mto Loire. Kazi ya kuuchimba ilianza katika miaka ya 1780 na ilikamilika katika miaka ya 1840. Sababu yake ilikuwa kuni. Jiji la Paris lilikuwa likipikia na kuotea kuni za milima ya Morvan, na kwa zaidi ya karne tatu magogo yalikuwa yakielea kwenye mito hii, yakafungwa pamoja kuwa vyelezo na kuongozwa na watu waliosimama juu yake mpaka mji mkuu. Leo maboti yaliyomo mferejini ni ya watalii, na njia tuliyopita sisi ndiyo waliyopita farasi waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba. Ndiyo maana haina vilima: farasi anayevuta shehena hapandishwi mlima bila sababu.

Baada ya kilomita chache tulipita pango la Bailly, ambalo kwa karne nyingi lilichimbwa mawe ya kujengea Paris. Siku hizi ndani yake huhifadhiwa chupa za mvinyo wa povu, kwa kuwa giza na ubaridi wa mwamba havibadiliki mwaka mzima. Nililiandika hilo kwenye daftari langu bila kujua kwamba ningeandika maneno ya namna hiyo kila siku: kitu kilijengwa kwa kazi hii, sasa kinafanya ile.

Karibu na Merry-sur-Yonne miamba ya Saussois inasimama wima juu ya mto, na watu wenye kamba walikuwa wamening'inia kama popo. Maji yalituishia hapo. Wifi akanifundisha jambo ambalo waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanalijua, kwamba ukikosa maji kijijini nenda makaburini, kwa sababu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Nilisita getini, nikawatolea salamu waliolala humo, kisha nikajaza chupa. Maji yalikuwa baridi na matamu.

Kutoka Châtel-Censoir tuliuacha mfereji, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini farasi walikuwa na bahati. Kilima cha Vézelay unakiona kutoka mbali, kanisa likiwa limekaa juu kama nahodha, na kadiri unavyoendesha ndivyo linavyokaa pale pale. Kutoka kijiji cha Asquins mwinuko ni wa karibu kilomita mbili. Nilishusha gia zote zilizokuwepo, kisha nikashuka mwenyewe nikasukuma. Wifi alifika juu akiwa ameketi kwenye tandiko, na hakuniacha nilisahau jambo hilo kwa siku saba zilizofuata.

Siku ya pili, Jumapili: Vézelay hadi Semur-en-Auxois

Niliamka kabla ya jua, nikaswali chumbani, kisha nikapanda peke yangu mtaa ule mmoja unaofika kwenye Basilika ya Mtakatifu Maria Magdalena. Mtaa huo umewahi kupitwa na watu wengi: hapa ndipo inapoanzia mojawapo ya njia za mahujaji waendao Santiago de Compostela huko Hispania, na hapa ndipo mwaka 1190 walipokutana Richard wa Uingereza na Philippe wa Ufaransa kabla ya kuondoka kwenda kupigana na Salahuddin.

Kinachowavuta wataalamu ni michongo ya juu ya mlango wa ndani, iliyochongwa takriban mwaka 1130. Yesu amekaa katikati, miale inatoka vidoleni mwake kuwafikia mitume, na pembeni wamepangwa watu wa mataifa yote ambayo mitume wanatumwa kwao. Nilikaa muda mrefu kuwaangalia hao wa pembeni. Wako wenye vichwa vya mbwa. Wako wafupi mno, ambao mmoja wao anatumia ngazi kumpanda farasi. Wako pia mume, mke na mtoto wenye masikio makubwa kama ungo, ambayo mtu angeweza kujifunika nayo alalapo. Mchongaji hakuwahi kufika mbali, alichonga alichosimuliwa. Nilijikuta nikijiuliza ni yupi kati yao aliyekuwa mtu wa pwani yetu, kwa kuwa mwaka huo Kilwa ilikuwa tayari na watu wanaoswali, wanaofanya biashara na kuvaa nguo za pamba, na masikio yao yalikuwa ya kawaida.

Ndani, kanisa limejaa mwanga. Matao yake yamejengwa kwa mawe ya rangi mbili, meupe na ya kahawia, yakipokezana, na mtu aliyewahi kuona picha za msikiti wa Cordoba hawezi kuacha kuzikumbuka. Jengo zima lilikuwa karibu kuanguka mwaka 1840, ambapo kazi ya kuliokoa alipewa Eugène Viollet-le-Duc, msanifu majengo aliyekuwa na umri wa miaka 26 tu.

Bernard hakuhubiri humu ndani. Siku ile, tarehe 31 Machi 1146, watu walikuwa wengi kuliko kanisa, na hotuba ilitolewa mteremkoni, kwenye upande wa kaskazini wa kilima. Tulishuka na wifi kwa miguu hadi hapo. Mfalme Louis wa Saba alikuwepo na mkewe Eleanor, na inasimuliwa kwamba misalaba ya kitambaa iliisha kwa jinsi watu walivyoigombea. Miaka miwili baadaye jeshi hilo lilishindwa mbele ya kuta za Damascus na likarudi lilikotoka. Mahali hapo sasa pana msalaba wa ukumbusho, nyasi, na kikanisa kidogo cha mawe kiitwacho La Cordelle. Kikanisa hicho kilikuja kukaliwa na watawa wa Fransisko wa Assisi, yule yule ambaye mwaka 1219, vita vingine vya Msalaba vikiendelea Misri, alivuka mstari wa mapigano akaenda kuzungumza na Sultani al-Malik al-Kamil, na Sultani akamsikiliza kisha akamrudisha salama. Wifi alikaa kwenye ukuta mfupi, akatoa tende mfukoni, tukala. Hatukusema mengi. Ng'ombe walikuwa wanakohoa bondeni.

Mchana ulikuwa wa barabara nzuri. Tuliteremka Saint-Père, tukafuata bonde la mto Cousin kutoka Pontaubert chini ya kivuli cha miti, tukapanda Avallon, kisha tukaingia nchi ya wazi ya malisho na ua za michongoma. Époisses, kijiji chenye ngome yake, kinatoa jibini yenye jina hilo hilo na harufu inayotangulia kabla ya kijiji chenyewe. Jibini hiyo ilikuwa imekaribia kupotea baada ya Vita Kuu ya Pili, mpaka mume na mke wakulima walipoirudisha mwaka 1956. Nilitaka kuionja, lakini muuzaji, alipotuona tumejitanda, alitueleza kwa uungwana kwamba ganda lake huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Tukamshukuru, tukanunua mayai.

Semur ilituonyesha minara yake minne ya duara juu ya mto Armançon jua likizama. Mmoja una ufa mrefu kutoka juu hadi karibu na chini, na watu wanaishi chini yake bila wasiwasi wowote.

Siku ya tatu, Jumatatu: Fontenay na Flavigny

Anayesafiri vijijini Ufaransa na akaisahau Jumatatu atalala njaa. Waoka mikate wanaofanya kazi Jumapili hupumzika Jumatatu, na siku hiyo tulipita vijiji vitatu vyenye milango iliyofungwa kabla ya kuukuta mkate ndani ya mashine kando ya barabara, kama vile mtu anavyotoa fedha benki. Unatia sarafu, mkate unaanguka. Wifi alisema angeona aibu kumweleza mama mkwe wangu kwamba tulinunua mkate kwa chuma.

Baada ya Montbard, barabara nyembamba inaingia kwenye bonde la msitu, na mwisho wa bonde ndipo ilipo abasia ya Fontenay. Bernard ndiye aliyeianzisha mwaka 1118. Watawa wa Citeaux, ambao yeye aliwapa nguvu na sura yao, walikimbia miji na mapambo. Yeye mwenyewe aliandika maneno makali kuhusu makanisa ya watawa wa Cluny, akiuliza wanyama wa ajabu waliochongwa kwenye nguzo wana kazi gani mbele ya macho ya mtu anayepaswa kusoma na kuomba. Basi kanisa la Fontenay halina sanamu ukutani, halina rangi, halina dhahabu. Lina mawe, matao na madirisha. Mimi niliyezoea misikiti ya pwani, yenye kuta nyeupe na mihrabu isiyo na picha, nilijiona niko mahali ninapopafahamu, na jambo hilo lilinisumbua njia nzima ya siku hiyo. Mtu yule yule aliyejenga nyumba hii ya utulivu ndiye aliyehubiri kule kilimani. Nilitaka awe mtu mmoja wa kuchukiwa, na hakukubali.

Nyuma ya kanisa kuna karakana kubwa ya chuma ya karne ya 12, ambamo mto uligeuzwa uzungushe gurudumu la kuinua nyundo. Baada ya Mapinduzi ya 1789 watawa walifukuzwa na abasia ikawa kiwanda cha karatasi, na kwa muda ilikuwa mali ya ukoo wa Montgolfier, wale wa maputo ya hewa moto. Tajiri mmoja wa Lyon, Édouard Aynard, aliinunua mwaka 1906, akabomoa majengo ya kiwanda na kuyaacha ya watawa. Sasa inatunzwa kama urithi wa dunia.

Alise-Sainte-Reine tuliipita jioni. Juu ya kilima chake kuna sanamu kubwa ya Vercingetorix, kiongozi wa Wagaul, wenyeji wa kale wa Ufaransa, iliyosimamishwa mwaka 1865 kwa amri ya Napoleon wa Tatu, kuadhimisha mahali ambapo Julius Caesar aliwazingira Wagaul mwaka 52 kabla ya Kristo. Masharubu yake ni ya heshima kubwa. Kisha tulipanda Flavigny-sur-Ozerain, mpando mbaya kuliko Vézelay ingawa mfupi, na safari hii hata wifi alisukuma. Niliitunza siri hiyo mpaka leo. Flavigny ina lango la ngome, vichochoro vya mawe, na harufu ya sukari, kwa kuwa ndani ya abasia yake ya zamani hutengenezwa peremende za punje nyeupe: kila punje ya anisi, mmea wa jamaa ya shamari, huvikwa sukari tabaka juu ya tabaka kwa muda wa siku kumi na tano hivi.

Siku ya nne, Jumanne: mvua, pancha na mfereji

Mvua ilianza alfajiri na haikuacha. Tulijifunga makoti ya plastiki, tukateremka hadi Mfereji wa Bourgogne, na kabla ya kilomita ya kumi tairi langu la nyuma lilikuwa limelala chini. Walinzi wa mfereji walikuwa wamekata ua wa michongoma, na miiba ilikuwa imetapakaa njiani. Wahenga walionya juu ya kuupanda mchongoma. Hawakusema lolote juu ya kuuendesha.

Tulikimbilia kijijini na kujibanza chini ya paa la kisima cha kufulia, jengo zuri la mawe ambalo akina mama walikuwa wakifulia humo na kupashana habari kabla ya mashine za kufulia. Nilitoa tyubu, nikaitia majini kutafuta mapovu, nikakwaruza, nikapaka solusheni na kubandika kiraka, kama nilivyofundishwa na fundi wa mtaani kwetu. Wakati gundi inakauka nilivuka barabara kusoma mnara wa kumbukumbu. Kila kijiji cha Ufaransa kina mnara kama huo, wenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Hiki kilikuwa kijiji cha nyumba labda arobaini, na majina yalikuwa kumi na tisa, manne kati yake ya ukoo mmoja. Niliwaza sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, na wapagazi wetu wa vita hiyo hiyo, waliokufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu mengi, ambao jina walilotuachia ni la soko, Kariakoo.

Mfereji huu ni mkubwa kuliko ule wa kwanza: una kilomita 242 na malango ya maji 189. Lango la maji ni chumba chenye milango miwili. Mashua huingia, mlango hufungwa, maji huongezwa na chombo hupanda polepole kama mkate unaoumuka. Karibu na Marigny-le-Cahouët yamepangwa moja baada ya jingine kama ngazi, na kando ya kila moja ipo nyumba ndogo ya mlinzi yenye namba yake. Kwetu sisi maana yake ilikuwa mpando mfupi, kisha tambarare, kisha mpando mfupi, kutwa nzima.

Kileleni, Pouilly-en-Auxois, mfereji unaingia chini ya ardhi kwa mita 3,333. Ndani ya handaki hakuna njia ya farasi, hivyo baadaye iliwekwa mashua ya kuvuta nyingine, iliyojikokota kwa mnyororo uliolazwa chini ya maji. Mashua hiyo sasa imepumzishwa nchi kavu, chini ya paa la mabomba ya karatasi ngumu lililobuniwa na msanifu wa Kijapani, Shigeru Ban. Paa la karatasi katika mvua ile! Tulisimama chini yake na hatukulowa. Usiku tulilala bondeni, tukiitazama ngome ya Châteauneuf ikiwa imewashiwa taa juu ya kilima, na nguo zetu zikianikwa kila mahali chumbani.

Siku ya tano, Jumatano: hadi Dijon

Mteremko wa bonde la Ouche, upepo nyuma, kilomita hamsini na kitu bila kisa. Kabla ya mji kuna kitongoji cha Fontaine-lès-Dijon, alikozaliwa Bernard mwaka 1090. Mjini tulinunua haradali, tukafua, tukalala.

Siku ya sita, Alhamisi: mizabibu hadi Beaune

Barabara ya kutoka Dijon kwenda Beaune inapita vijiji ambavyo majina yake huandikwa kwenye chupa za bei ya kutisha: Gevrey-Chambertin, Vosne-Romanée, Nuits-Saint-Georges. Sisi hatunywi, na nilifikiri siku hii ingepita tu. Haikupita hivyo, kwa sababu ulikuwa wakati wa mavuno. Wavunaji walikuwa wameinama kwenye mistari na makasi madogo, wengine wamebeba vikapu mgongoni, na matrekta membamba marefu, yaliyotengenezwa yapite juu ya mizabibu, yalikuwa yanatufuata barabarani yakidondosha matope. Mzee mmoja alitupa kichala kimoja kila mtu. Zabibu za mvinyo ni ndogo, zina mbegu, na ni tamu kupita zile za kula.

Ardhi yote hii imegawanywa vipande vipande, zaidi ya 1,200, kila kimoja na jina na mipaka yake, na mwaka 2015 vikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Waliofanya kazi kubwa ya kuvitambua walikuwa watawa. Clos de Vougeot, shamba la hekta zipatazo hamsini ndani ya ukuta mmoja, lilikuwa la watawa wa Citeaux, ndugu wa Bernard; leo lina wamiliki karibu themanini, kila mmoja na mistari yake. Mtu wa kwetu aliyewahi kugawana shamba la minazi la babu ataelewa bila kuelezwa.

Huko Beaune wifi ndiye aliyenivuta. Hôtel-Dieu, hospitali yenye paa la vigae vya rangi za mkeka, ilijengwa na Nicolas Rolin, waziri wa Mtawala wa Bourgogne, na mkewe Guigone de Salins, kuanzia mwaka 1443, wakati nchi ilikuwa imechoshwa na vita na njaa. Ilipokea wagonjwa hadi mwaka 1971. Wifi alisimama katikati ya ukumbi wa maskini kama yuko zamu. Alihesabu vitanda, akatazama mapazia mekundu, akapima kwa hatua umbali wa kutoka kitanda cha mwisho hadi jikoni, akasema, "Hapa kuna muuguzi aliyekufa kwa kutembea." Mwisho wa ukumbi kuna kikanisa, ili mgonjwa asikilize ibada akiwa amelala.

Lakini kilichonigusa mimi ni jinsi ilivyoendeshwa. Waanzilishi waliipa mali ya kuiendesha, na wagonjwa na matajiri waliofuata wakaiachia mashamba ya mizabibu katika wosia zao. Mvinyo wake hunadiwa mwezi Novemba, katika mnada ulioanza mwaka 1859, na mapato yanakwenda kwenye hospitali ya kisasa. Nilimwambia wifi kwamba hii ni wakfu kabisa: mali imefungwa, mazao yake yanatumika. Akanitazama. "Wakfu ya pombe, wifi?" Tulicheka mpaka mlinzi akageuka.

Siku ya saba, Ijumaa: Beaune hadi Givry

Njia ya mizabibu hadi Santenay, kisha kando ya Mfereji wa Kati hadi Chalon-sur-Saône. Chalon ni mji wa Nicéphore Niépce, aliyepiga picha ya kwanza ya kamera iliyodumu hadi leo. Wachache wanajua kwamba mwaka 1818 alishughulika pia na gari la magurudumu mawili lisilo na pedeli, babu wa chombo tulichokuwa tumekalia, na jirani zake walimwona akijisukuma nalo kwa miguu.

Ng'ambo ya mto, huko Saint-Marcel, alifariki mwaka 1142 mwalimu Pierre Abélard. Bernard alikuwa amemshitaki kwa uzushi na mafundisho yake yakalaaniwa. Aliyempokea, akampa chumba na heshima ya uzee, ni Pierre le Vénérable. Tulifika Givry magharibi ikiingia.

Siku ya nane, Jumamosi: Givry hadi Cluny

Reli ya zamani kutoka Givry hadi Cluny iling'olewa, na mwaka 1997 tuta lake la kilomita 44 likafunguliwa kama barabara ya baiskeli. Vituo vya treni vipo bado, majina yakiwa ukutani, na nusu yake ni nyumba za watu au vibanda vya kahawa. Mwinuko ni ule ambao injini ya moshi iliweza kuupanda, kwa hiyo hata mimi niliweza. Pande zote mbili walilala ng'ombe weupe wa Charolais, wanene, wakitutazama bila kuacha kucheua. Tulipita Buxy, tukapita kasri la Cormatin na mtaro wake wa maji, na saa nane mchana tukawa Cluny.

Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910. Kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187, na halikupata mshindani mpaka Roma ilipojenga upya Basilika ya Mtakatifu Petro karne tano baadaye. Baada ya Mapinduzi liliuzwa mwaka 1798 kwa wafanyabiashara, wakalibomoa kwa miaka ishirini na zaidi na kuuza mawe. Barabara ilipitishwa katikati yake. Kilichobaki hakifiki sehemu moja ya kumi: mkono mmoja wa kusini, wenye mnara wake wa pembe nane. Ukiingia chini ya mkono huo shingo inauma kwa kutazama juu, kisha unatoka nje na kuambiwa kwamba ulichokiona kilikuwa pembeni tu. Mwanzo wa nguzo unaonekana ardhini, halafu ni anga. Nilijua hisia hiyo kutoka Tongoni, kusini mwa Tanga, ambako msikiti na makaburi ya nguzo vimesimama na kuanguka kati ya mibuyu. Lakini Tongoni iliachwa, na Cluny iliuzwa.

Hapo ndipo alipokuwa Pierre. Mwaka 1142 alisafiri hadi Hispania, akawakuta wasomi waliokuwa wakitafsiri vitabu vya elimu ya nyota kutoka Kiarabu, akawalipa waache nyota kwa muda wamtafsirie Kurani. Aliyeifanya ni Mwingereza, Robert wa Ketton, na miongoni mwa wasaidizi alikuwepo Mwislamu mmoja ambaye kumbukumbu zinamtaja kwa jina la Muhammad tu. Kazi ilimalizika mwaka 1143. Nisimpambe Pierre kwa sifa zisizo zake: nia yake ilikuwa kuupinga Uislamu, na tafsiri ile ina kasoro nyingi na maneno ya dharau pembeni. Lakini aliandika kwamba anawajia Waislamu si kwa silaha kama wenzake wafanyavyo, bali kwa maneno, na kwa upendo si kwa chuki. Alimwomba Bernard aandike kitabu cha kuujibu Uislamu. Bernard hakuandika, miaka mitatu baadaye alikuwa Vézelay.

Nilimkumbusha wifi kwamba hata sisi tafsiri yetu ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na kasisi, Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar, na kwa nia isiyo mbali na ile ya Pierre. Ilipita miaka 46 mpaka Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipochapisha ya kwake kamili mwaka 1969, ile yenye jalada lililochakaa ambayo iko nyumbani kwa mama mkwe wangu. Wifi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo anayekupinga ndiye anayekusoma mwanzo," akasema, kisha akaenda kuulizia bei ya chai.

Cluny haina treni tena, kwa hiyo asubuhi iliyofuata tuliendesha kilomita ishirini na tano za mwisho hadi Mâcon. Reli ya zamani hapo inapita chini ya mlima katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi, ambalo hufungwa majira ya baridi ili popo walale. Ndani kulikuwa na taa chache na baridi ya jokofu. Katikati, ambapo milango yote miwili ilikuwa nukta za mwanga, wifi alianza kaswida ya Maulidi tunayoimba Tanga, taratibu, na ukuta ukamjibu. Wazee wawili waliokuwa wakija kutoka upande wa Mâcon walipunguza mwendo. Walipotufikia walivua kofia zao ngumu, wakasema "Bonjour, mesdames," wakaendelea na safari yao.